Kombe la Mama

Zafarani iliyorowekwa kwenye maji ya waridi ina harufu inayonibana kifua mpaka leo. Nilikuwa na miaka minane, enzi za Mwingereza, tunakaa Temeke, na mdogo wangu Saidi alikuwa amekufa kwa surua. Tangu siku ya mazishi mama alikaa mkekani akiutazama ukuta. Hasemi, hali mpaka alishwe. Baba, mchukuzi wa mizigo bandarini, akawa hajui ashike wapi. Majirani walisema ni pepo, apigiwe ngoma. Baba akakataa, akaenda kwa mwalimu wa chuoni, naye akamwandikia mama kombe la siku saba: aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, unatia maji, maandishi yakishayeyuka unakunywa. Kila asubuhi baba alilileta, akaliweka karibu yake, kisha akaenda kazini.

Mama hakuligusa. Siku ya kwanza na ya pili baba alirudi akakuta sahani imejaa vilevile. "Mama Zuhura, nakuomba. Japo funda moja." Baba akajiinamia kizingitini, na loh, sijapata kuona mtu mzima amenyong'onyea vile. Siku ya tatu nikalinywa mie. Mama alikuwa amegeukia ukutani, nikadhani hanioni. Nikalibugia lote, nikafuta midomo. Baba aliporudi akaiona sahani tupu. "Alhamdulillahi!" Basi ningesemaje tena? Nikalinywa mpaka la saba.

Mama hakubadilika. Baba alilia mbele yangu, akisema dua zake zimekataliwa, nami najua dawa iko tumboni mwangu! Nilijaribu kutapika, haikutoka. Miezi mingi baadaye mama aliinuka mwenyewe, akashika ufagio, lakini kicheko chake hatukukisikia tena. Niliamini ni mie niliyemnyima kupona.

Siku hizi wajukuu wangu wakifiwa, kuna mshauri shuleni anawaketisha na kuwauliza mioyo yao ikoje. Vizuri sana. Mie hakuna aliyeniuliza, nikanyamaza miaka thelathini, mpaka baba alipofariki ndipo nikamwambia mama.

"Nilikuona," akasema. "Kila siku nilikuona. Nilikuwa nakuachia. Mie nilitafutiwa dawa, mwanangu. Wewe ulikuwa unamlilia mdogo wako peke yako huko uani, nani alikutafutia?"

Alinipa kitu pekee alichokuwa nacho, nami nikakinywa kama mwizi.