Sindano Kwenye Godoro

Wodini tulimwita Chapchap, na jina lenyewe lilimfurahisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli: mtoto alichomwa sindano akiwa bado anajiandaa kulia. Wagonjwa walimtaka yeye tu, nasi wauguzi wenzake tulimwonea wivu kidogo, tusidanganyane. Lakini haraka ile ilikuwa na ubaya wake. Akishachoma, badala ya kutembea hadi kwenye sanduku la sindano, lililokaa juu ya troli karibu na mlango, aliichomeka sindano ukingoni mwa godoro ili apate mkono wa kushikia pamba. Matroni alimgombeza mpaka akachoka.

"Naitoa sasa hivi, Matroni," alikuwa akijibu, na kweli aliitoa. Karibu siku zote.

Asubuhi moja alikuwa amemaliza tu kumchoma mama wa kitanda cha dirishani, mgonjwa mwingine akaanguka mlangoni mwa choo. Chapchap akatoka mbio. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya na shuka chafu zimeshapelekwa kufuliwa.

Huko kwenye chumba cha kufulia alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe. Chapchap ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Walikaa nyumba moja, ukuta tu ndio uliowatenganisha, na wifi alikuwa na mtoto anayenyonya.

Mchana wifi akaja wodini amejishika kidole, macho yamemtoka. Alikuwa ameshakiosha kwa maji na sabuni, kama tulivyofundishwa wote.

"Wifi, nimechomwa! Ilikuwa ndani ya shuka. Ile yenye kiraka nilichoshona mimi."

Chapchap aliijua shuka ile na kitanda chake. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Yeye akamshika mkono wifi yake, akampeleka kwa daktari.

"Sindano ilitoka kwa mgonjwa gani?" daktari aliuliza. "Tukimjua tutampima. Akiwa mzima, hutahitaji dawa."

"Sijui, daktari. Shuka zinakuja fungu zima."

Chapchap alitazama ukutani kana kwamba kuna picha. Basi wifi akapewa vidonge vya mwezi mzima vya kumkinga na virusi vya UKIMWI, vikamgeuza tumbo tangu siku ya kwanza. Habari ya kunyonyesha daktari alimwambia arudi waizungumze kesho yake. Hakuingoja kesho. Alimwachisha mtoto ziwa jioni ile ile, asije akamdhuru mwanawe kwa maziwa yake mwenyewe.

Mtoto akalia. Alilia jioni ile na zilizofuata, na upande wa pili wa ukuta Chapchap alikaa na sahani yake bila kumeza tonge. Alinunua maziwa ya kopo na chupa. Alichemsha maji, akafua nepi, akapika kwa niaba ya wifi, na jirani waliposhangaa wifi aliwajibu, "Mimi sina wifi, nina dada." Neno hilo lilimkata Chapchap maini.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Mbaya angelala usingizi. Aliogopa kufukuzwa kazi, akamwogopa mumewe, na nadhani aliogopa zaidi kupoteza lile jina la Chapchap. Hata hivyo, nilipokuja kujua nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Kisha mama wa dirishani akaruhusiwa. Alikuwa anafunga vitu vyake alipomwita Chapchap.

"Sista, njoo nikuage. Ile sindano yako sikuisikia hata kidogo!"

Chapchap alitazama mfuko ule unavyofungwa. Mama akishatoka mlangoni, hakuna tena wa kumpima. Akaudaka mfuko kwa mikono miwili.

"Mama, usiende kwanza. Naomba tukupime damu. Nimefanya kosa."

Akasema yote hapo hapo, mbele ya Matroni na mbele yetu. Mama akakunja mkono wa gauni mwenyewe.

"Nipimeni. Lakini mwanangu, si ungesema siku ile ile?"

Damu ilikuwa safi. Daktari akavisimamisha vidonge. Onyo Chapchap alilipata, na lilimstahili. Siku hizi troli haikai mlangoni; anaisukuma mwenyewe kitanda kwa kitanda, sindano inatoka mkononi inaingia sandukuni, na ukimwita Chapchap haitiki.

Lakini siku ile ilibidi kwanza aende nyumbani. Alimweleza wifi wakiwa wamesimama jikoni. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, hakumtukana. Akakaa kwenye kigoda, akafungua vifungo, akamweka mtoto kifuani.

Mtoto akageuza kichwa. Akajaribu tena, mtoto akajinyoosha mgongo, akalia, anaitafuta chupa kwa macho. Akambadilisha upande, akambembeleza, akamkamulia tone mdomoni. Mtoto akalitema.

Wifi akainua uso.

"Haya, wewe mwenye mkono mwepesi," alisema, akamnyooshea mtoto. "Mrudishe ziwani."

Chapchap akampokea, akasimama naye katikati ya jiko, hajui aanzie wapi.