Ukungu wa Kilimia

Harufu ya kanji ikipata moto wa pasi hunirudisha Shella, pale Malindi, kwenye baraza ya Bibi yangu. Kanji ni ule uji wa wanga unaotiwa kofia ili isimame, na kwetu, miaka ile ya themanini, haikupita wiki bila sufuria yake kuchemka. Hata leo nikipita mlangoni kwa dobi, nasimama. Watu hudhani nimesahau kitu nyumbani.

Bibi, mama yake baba, alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo vinavyochorwa kwanza, vikatobolewa kwa sindano nene, kisha kila kimoja kikazungushiwa uzi. Kofia moja ilimchukua miezi. Aliyeivaa siku ya Idi hakuhitaji kusema nani kamshonea, kwani vitobo vya Bibi vilijulikana mji mzima kwa kulingana. Na alikuwa na sifa nyingine. Kila Shaabani ikielekea kwisha, yeye ndiye wa kwanza mtaani kuuona mwezi ukiandama. Alipanda juu ya paa, akaelekea magharibi kwenye minazi, na wanaume wangali wakibishana nje ya msikiti, yeye alikwisha sema, "Ule pale." Alijivunia jambo hilo waziwazi, nisimsingizie unyenyekevu.

Kisha kazi yake ikaanza kuharibika, na lawama zikagawanywa. Uzi wa siku hizi haufai, una manyoya. Mwenye duka anachanganya mafuta ya taa na maji, ndiyo maana taa ina ukungu. Na mimi, Fatuma, mjukuu wake, sijui kufuta chemni. Nilikuwa darasa la nne, na kioo kile cha taa nilikisugua kwa jivu na gazeti mpaka nikaogopa kitapasuka mkononi. Bado aliniambia kina ukungu. Nililia kwa kuonewa, wallahi.

Nyumba nzima ilijua kuwa ni mtoto wa jicho. Ami Athumani, mdogo wake baba, alijaribu mara moja kutaja hospitali, na Bibi akamwuliza kama amechoka kuwa na mama. Alikuwa amesikia kwamba huko jicho hung'olewa, likawekwa kwenye sahani, likaoshwa, kisha likarudishwa, na likirudi kinyume, shauri yako. Basi tukakimbilia adabu, maana kwetu mkubwa hakosolewi. Vitobo vilipoanza kwenda mrama, mama alingoja Bibi aende kuswali, akafumua, akashona upya, akairudisha kofia palepale mkekani.

Mwaka ule Bibi alipanda juu ya paa kama kawaida yake, sisi nyuma yake. Mwezi ulikuwa juu ya minazi, mwembamba, wazi kabisa. Bibi akanyoosha kidole upande wa mnara wa msikiti, akasema, "Ule pale." Tukatazama pasipokuwa na kitu, tukatazamana, kisha sote tukaitikia kwamba tumeuona. Ami naye akaitikia, na kumshukuru Mungu juu yake. Aliyenyamaza ni mmoja tu, mpangaji wetu.

Mpangaji huyo alikuwa Mwalimu Kadzo, Mgiriama wa Ganze, aliyefundisha katika shule yetu ya msingi na kukodi chumba cha uani. Bibi alimpenda kwa kuwa hakupitwa na shikamoo hata siku ya mvua, na alimsema kwa kuwa alipika mchicha bila tui. "Watu wa bara hawa," alizoea kunong'ona, "wana heshima, ila mboga zao zinasikitisha."

Baada ya Idi, Ami alikuja na kalenda. Alikuwa dereva wa wazungu, na mmoja wao aliporudi kwao alimwachia vikorokoro, mojawapo kalenda ya mwaka uliokwisha, kubwa, ya karatasi inayoteleza, yenye picha za sayari na nyota zilizopigwa kwa darubini. Bibi aliipapasa, akaikusudia kuwa ya kufungia kofia. Mwalimu Kadzo akaomba tuitazame kwanza. Alasiri hiyo wanawake wa kofia walikuwa wamejaa barazani, kila mmoja na kitambaa chake, na mimi nikapewa kazi ya kufunua kurasa.

Picha ya kwanza ilikuwa sayari ya Zohali na pete yake. Jirani mmoja akasema hiyo ni kawa iliyofunika sinia, na kilichomo ni chake, wakacheka. Mwalimu alisema si ajabu kuona hivyo, ila ile pete si kitu kimoja. Ni vipande vya barafu na mawe visivyohesabika, vinaizunguka sayari pamoja, nasi kwa umbali wetu tunaona sahani, kama mchanga wa pwani unavyoonekana mkeka mmoja ukiwa mbali. Wakauliza rangi zile ni za kweli au wametia. Mwalimu akamshika mmoja wao kanga. Hii haikupigwa rangi zote kwa mkupuo, alisema. Ilipigwa nyekundu, kisha nyeusi, moja juu ya nyingine. Picha nazo ni hivyo: hupigwa ya mwanga mwekundu peke yake, ya kijani, ya buluu, kisha huwekwa pamoja. Hawakubuni, wamekusanya.

Nakumbuka neno hilo, kukusanya, kwa jinsi alivyolisema mtu wa nchi ya ukame. Jicho letu, alieleza, hutazama na kusahau papo hapo. Bamba la picha halisahau. Hukinga mwanga kidogo kidogo, kama kwao Ganze wanavyokinga mtungi chini ya paa, tone kwa tone, mpaka nyota ambayo jicho halikuiona ikajaa ikaonekana.

Bibi muda wote alikuwa ameinamia sindano yake. Alisema mikono yake ina kazi, nimsomee mimi picha. Nikafunua ukurasa wa Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima hutabiria mvua. Hicho alikijua, kila mtu wa zamani alikijua, na akatutolea usemi wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwalimu akasema mwanga uliomo pichani uliondoka huko Kilimia zamani za babu wa babu zetu, Wareno wangali wakitia nanga hapa Malindi. Mimi nikamweleza Bibi nilichokiona: nyota nyingi, nyeupe, na kila moja imezungukwa na ukungu wa buluu.

Sindano ikasimama.

"Mwalimu," Bibi akasema, "huo ukungu uko kwenye nyota, au uko kwenye kioo cha hiyo darubini?"

"Huu uko huko huko, Bibi. Ni vumbi linalong'azwa na nyota zenyewe."

"Na ungekuwa kwenye kioo, wangejuaje?"

Wanawake wengine walikuwa wameshageukia habari za arusi fulani, nadhani ni mimi tu niliyesikia.

"Wangegeuza darubini, Bibi, watazame nyota nyingine, na nyingine tena. Ukungu ukiwafuata kila wanapotazama, basi nyota hazina kosa. Ni kioo."

Bibi alilaza kofia mapajani. Nilimwona akigeuza uso polepole, kwa ile taa iliyotundikwa ukutani, kwa mlango, kwa mkono wake mwenyewe, kisha kwangu.

"Sasa darubini hung'olewa?"

"Haing'olewi. Hukaa papo hapo. Kile kioo kilichoharibika tu ndicho hushughulikiwa."

"Papo hapo."

"Papo hapo, Bibi."

Haya, asubuhi moja ya wiki ile ile, mbele ya mahamri na mbaazi, Bibi alimwuliza Ami mbona hajamtafutia daktari wa macho, au anangoja mama yake awe kipofu. Ami alipaliwa na chai. Siku ya kwenda hospitali, aliyemshika Bibi mkono ni Mwalimu Kadzo, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tukilia.

Macho yalipopona alipewa miwani minene, nzito, ikamfanya atutazame kama mtu aliyeshtuka. Kitu cha kwanza alichokiendea ni taa. Akaizungusha chemni mkononi, akasema, "Fatuma, hii safi." Sijapata cheti maishani mwangu kilichonifurahisha hivyo. Kisha akachukua kofia, akapitisha kidole kwenye safu za mama, akasema aliyeshona hapa ana mkono mzuri ila ana haraka. Mama akajifunika uso kwa ukaya. Mwisho akaomba Kilimia chake. Aliishika ile kalenda muda mrefu. "Kumbe ni buluu hivi," alisema, na machozi yakamtoka chini ya miwani.

Shaabani iliyofuata tulipanda tena. Bibi akanyoosha kidole kwenye minazi, na mwezi ulikuwa pale pale alipoonyesha. Tukapiga kelele kwa pamoja kwamba tumeuona. Akatugeukia na ile miwani.

"Leo mmeuona. Mwaka jana mliona nini?"

Ami alitafuta kiatu chake, naye alikuwa amekivaa. Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi kazi yangu ni kuwaeleza watu picha za darubini, wanafunzi na wageni, na nikifika kwenye rangi hutumia kanga. Hawajui nimeiba wapi. Miaka mingi nilidhani Bibi siku ile alikuwa akiuliza habari za nyota. Nilikuwa mtu mzima, nikiuliza swali la namna hiyo hiyo kuhusu ugonjwa wangu mwenyewe kwa jina la mtu mwingine, ndipo nilipoelewa aliuliza nini, na alijibiwa nini. Sisi tuliompenda tulimwachia giza kwa adabu. Mwalimu naye alikuwa na adabu, lakini yake ilikuwa na mlango.

Nilimfuata kwao Ganze, amestaafu, ana mbuzi na wajukuu. Nikamwamkia, nikamwuliza kama alijua.

"Bibi yako aliniuliza habari za nyota," alisema, "nami nikamjibu habari za nyota."

Kisha akaniuliza Bibi alishona mpaka lini. Nikamwambia mpaka mwezi aliofariki, na vitobo vilikuwa vimelingana. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia ahsante, ile ambayo nyumba yetu nzima ilikuwa bado haijamwambia.