Fundi wa Viatu vya Watu Pale Kiwanjani

Juzi nilipigiwa simu kutoka Mabatini nikaambiwa yule fundi viatu wa kiwanja cha katikati ya mji amefariki. Nimonia, walisema. Wasomaji wangu wa Mwanza mnamjua, hata kama hamkuwahi kumuuliza jina. Alikaa pale tangu kiwanja kikiwa vumbi tupu la mikutano ya hadhara, maduka ya Wahindi yakikizunguka, na watu wa visiwa vya ziwani wakishuka melini asubuhi na kupita kwake kwanza. Walimwachia viatu, wakaenda sokoni au hospitali, wakavichukua wakirudi bandarini. Waliochelewa walivifuata safari nyingine, hata baada ya miezi, na walivikuta.

Kisha kiwanja kikapambwa. Vikawekwa vigae, zikapandwa nyasi, na wafanyabiashara wadogo wakahamishiwa soko jipya huko Kiseke. Fundi alihama bila ubishi. Kilichomsumbua ni gunia la viatu ambavyo wenyewe walikuwa bado visiwani, na hawakuacha namba za simu. Basi kila asubuhi alirudi nalo kiwanjani, akaketi ukingoni bila sindano wala uzi, akiwasubiri. Siku moja nilikuwepo mgambo alipomjia. Kijana alimwamkia kwa adabu, shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba, ndipo akamwambia biashara hapo ni marufuku.

"Sifanyi biashara, mwanangu," fundi akajibu. "Nina viatu vya watu."

Alisukumwa mpaka barabarani. Akazunguka, akaketi upande wa pili. Ikawa hivyo masika yote, akinyeshewa, maana hata kwenye baraza za maduka alifukuzwa. Nilimshauri avitupe tu apumzike, akanitazama kana kwamba nimemtuma kuiba. Hasira niliyonayo leo nashindwa kuificha.

Msibani, shemeji yake mmoja alipendekeza viatu viuzwe, visaidie gharama za mazishi. Wanaume wakaafiki. Mjane akainua kichwa.

"Hivyo si vyake," alisema. "Mkiviuza, mtakuwa mmemzika mwizi."

Shemeji akaliacha gunia lilipokuwa. Sisi tunapopanga miji huuliza nani ana kibali, nani analipa ushuru, nani anachafua mandhari. Nani ameaminiwa na watu, hilo hatuulizi, wala hatuna ofisi inayolishughulikia. Kiwanja sasa kinapendeza kweli. Ila mtu wa visiwani akishuka leo na kiatu kilichokatika, hana wa kumwachia.