Waya wa Kufika kwa Mama Mkwe

Ukiiona mikono ya Hiram, mizito, yenye grisi isiyosikia sabuni, huwezi kudhani ni mikono ya kucheza gemu. Ni fundi wa mashine za kusaga unga. Huzunguka na pikipiki yake kutoka Kitale hadi Kamukuywa, na mara nyingine hadi Cheptais, popote mashine ilipogoma. Jioni, mafundi wenzake wakienda kutafuta cha kulowesha koo, yeye hujifungia gesti na kidude chake cha gemu, analima. Ndiyo, analima. Gemu yenyewe ni ya shamba: unapanda, unapalilia, unafuga, na mvua ikikataa unaumia roho kabisa. Shamba la marehemu baba yake lilikatwakatwa kwa ndugu mpaka yeye akabakiwa na mahali pa nyumba na migomba michache, kwa hiyo hili la mfukoni alilipenda sana.

Basi mwaka huu, mvua zikikaribia, mama mkwe wake kule Bokoli aliteleza akitoka mtoni, akavunjika mguu. Daktari alimfunga plasta na kumwonya asikanyage chini mpaka mfupa ushike, la sivyo atachechemea maisha yake yote. Mama Fridah akae kitako msimu wa kupanda! Huyo daktari hakumjua. Binti yake Fridah, ndiye mke wa Hiram, alihamia huko kumuuguza, na kila alipogeuka kutazama sufuria, mama alikuwa ameshashika ukuta, anajivuta kwenda kuona shamba. Mara mbili alianguka. Fridah akawa analia kwa simu.

Hiram alikuwa na kazi Kamukuywa, akawa anapitia Bokoli kila alasiri. Lakini angesaidia nini? Kwa desturi za huko, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawapigi soga. Hiram, ingawa kwao ni Wakikuyu, alizishika desturi hizo kuliko wenyeji. Alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mama akakaa kwenye kochi kule mwisho wa sebule, na maneno yakapitia kwa Fridah. Tangu amwoe Fridah hajawahi kusikia jina lake kinywani mwa mama mkwe. Alikuwa "bwana yako," basi.

Siku moja, kwa kukosa la kufanya, akatoa kidude na kuanza kulima kimyakimya.

"Fridah," mama akasema, "uliza bwana yako anachekelea nini huko."

"Analima, mama."

"Analima wapi, na amekaa?"

Fridah akaeleza. Mama akanyoosha shingo, lakini kioo chenyewe kilikuwa kidogo kama kiganja, na heshima haikuruhusu wawili hao kuketi bega kwa bega. Hata hivyo Hiram aliona jambo: muda ule wote mama hakuwa amegusa ukuta.

Kesho yake alipitia Kitale kwa Abdikarim, muuza vifaa vya umeme jirani na msikiti, akanunua skrini nyembamba ya safari, inayoingia kwenye begi pamoja na spana. Akiwa gesti aliiunganisha na kidude, picha ikaja papo hapo, akacheka peke yake. Kumbe alifurahi mapema. Kule Bokoli, skrini ilipowekwa kwenye stuli mbele ya mama, waya wake haukufika hata katikati ya sebule. Hiram akachomoa begini waya mrefu wa chaja, maana ncha zilikuwa zilezile. Taa ya skrini ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi tii.

"Mwambie bwana yako hii shamba yake bado ni usiku," mama akasema, na mkono ukaanza kutafuta ukuta.

Asubuhi yake Hiram akarudi kwa Abdikarim.

"Niaje Hiram. Si nilikupea waya na skrini?"

"Ni fupi, bana. Nataka ya kutoka mlangoni mpaka kwa mama mkwe."

Abdikarim alicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha akamweleza kwamba nyaya hizo hufanana kwa sura tu. Nyingine hupitisha stima peke yake, nyingine hupitisha stima na picha. Akamtafutia wa picha, mrefu, akaujaribu palepale kaunta.

Alasiri hiyo waya ulilala sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, na shamba zima likatokea mbele ya mama, kijani kibichi. Aliiinamia skrini. Halafu akaanza kufoka.

"Fridah! Mwambie hiyo mahindi ameweka karibu karibu sana! Na huyo ng'ombe, ati hana jina?"

Ng'ombe akaitwa Chepkosgei, jina la mama wa Cheptais aliyewahi kumuuzia ng'ombe wa maziwa asiye na mfano. Tangu hapo mama aliamrisha, Fridah akapitisha, Hiram akabonyeza. Mguu ukatulia juu ya mto. Fridah akapata nafasi ya kwenda kuliandaa lile shamba la kweli, na akiwa hayupo, mama aliiambia skrini, Hiram akaiitikia skrini.

Mvua ya kwanza ilimkuta Fridah shambani. Ilipopiga mabati, mama akainua kichwa. Tangu aolewe hajawahi kuisikia mvua ya kwanza akiwa amekaa. Akatupa shuka, akashusha mguu wa plasta, akashika ukuta.

Hiram aliruka kutoka kitini, halafu akakwama. Kumshika hawezi. Kumwita Fridah ni kazi bure, mvua imefunika sauti zote. Na mguu huo ukikanyagwa sasa, wamerudi mwanzo, au pabaya zaidi. Akatazama kidude mkononi, akabonyeza. Kwenye skrini Chepkosgei akatokea amesimama sokoni, bei juu ya kichwa.

"Mama," akasema, "ukisimama, nauza."

Mama akaitazama skrini. Akamgeukia, akamtazama usoni.

"Wewe Hiram! Unauza Chepkosgei na anakaribia kuzaa?"

"Nauza, mama. Haki ya Mungu."

Akakaa. Kisha wote wawili wakagundua kwamba wamesemezana ana kwa ana, tena kwa jina, wakaona haya, kila mtu akaangalia kwake. Aliyeanza kucheka ni mama. Fridah alipoingia, ameloa chapachapa, aliwakuta wanafuta machozi, kila mmoja kwenye pembe yake.

Plasta ilitolewa mahindi yakiwa yamefika magotini. Mfupa ulikuwa umeshika vizuri, na mama alizunguka shamba lake lote na fimbo, akimsomea Fridah makosa. Hiram akafurahi, akaanza kuukunja ule waya aende zake, maana hapakuwa tena na mtu wa kukalishwa.

Mama alikuwa mlango wa jikoni, mbali kama siku zote.

"Fridah, mwambie bwana yako..." akaanza, kisha akaacha. "Hiram. Jumapili kuja na hiyo waya."