Maombi ya Klara kwa Mkurugenzi wa Mbegu

Fabiano alilipwa kufuta matusi. Kazi hiyo aliipata Gitega kwa sababu moja tu: alikulia Tanzania, na kampuni ya mbegu iliamini kwamba mtu aliyekulia kule hawezi kupitwa na Kiswahili chochote. Kila asubuhi alifungua ukurasa wa kampuni mtandaoni, akasoma wateja walivyoandika, akafuta.

Siku mkurugenzi alipopigwa mpini wa jembe mlangoni pa ghala, na mtu asiyejulikana, kazi ilifurika. Watu walicheka bila haya. Wengine waliupa pole mpini. Fabiano alifuta mpaka kidole kikamuuma, ingawa, tuseme ukweli, na yeye alikuwa na hasira zake. Mbegu za kampuni hiyo ndizo mama yake, Klara, alizopanda shamba zima kule Buhinyuza, upande wa Muyinga, na halikuchomoza hata jani moja.

Ndipo akaona jina la mama yake. "Pole sana mkurugenzi. Mungu akuponye vizuri, kama mbegu zako zilivyoota shambani kwangu."

Akafuta haraka.

"We Fabiano, unafuta maombi ya mama wa watu?" Bulonza, mkubwa wake wa kazi, Mkongo wa Bukavu, alikuwa amesimama nyuma yake. "Hii iko baraka! Rudisha. Ukifuta tena ya namna hii, kazi yako inaisha."

Angeelezaje? Ili kuthibitisha kwamba ni laana, ilibidi kwanza atamke, mle mle ofisini, kwamba mbegu za kampuni hazioti. Akarudisha. Kufikia mchana watu mia tatu walikuwa wamenakili maombi yale, wote kwa adabu ya kanisani. Bulonza alilia. Mkurugenzi naye, kichwa kikiwa na bendeji, akaagiza mama huyo aletwe hospitalini amwombee ana kwa ana.

Klara alishuka Gitega na kitenge kipya, tayari kwa vita. Alimwambia mwanawe kwamba atayasema yote, na atafafanua. Fabiano akajua kazi imekwenda na maji.

Lakini kitandani Klara alikuta mtu mwembamba, jicho moja limefumba kwa uvimbe, anashindwa kushika kikombe. Akamshikia, akamnywesha. Kisha akamwekea mkono begani.

"Mungu akuponye, baba," alisema, akauondoa mkono.

"Endelea, mama," mkurugenzi alinong'ona. "Ile ya mbegu. Ile ndiyo ilinigusa."

"Hiyo hapana."

"Nakuomba, mama. Maliza."

"Siwezi, mwanangu." Machozi yalimlengalenga. "Hiyo ndiyo niliyokuja nayo. Sasa nimekuona."

Mkurugenzi akanuna, akageukia ukutani. Akamwambia Bulonza, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwamba wamekosea mtu, wakamtafute yule mama wa kweli.