Mdogo Wangu Anang'aa kwa Maziwa ya Unga

Admin, naomba unifiche jina. Nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani Majengo, hapa Sumbawanga. Naishi Katandala na mdogo wangu wa miaka ishirini na saba. Mimi mume aliniacha. Yeye anaolewa baada ya mavuno, na mwalimu mmoja mpole mpaka anaudhi.

Mdogo wangu alikuwa ananyonyoka nywele, na ngozi ilimkauka kwa huu upepo wetu wa kiangazi. Mchumba wake akamwagizia kopo la kolajeni, ule unga wa kunywa wa ngozi na nywele. Mimi yule mume aliyeniacha hakuwahi kuniletea hata mafuta ya mgando. Uji wa ulezi wa asubuhi napika mimi, kwa hiyo mdogo wangu akaniambia, "Dada, uwe unanitilia kijiko kimoja kwenye wangu." Nikamtilia siku mbili. Siku ya tatu kijiko kile nikakitia kwenye kikombe changu, chake nikatia maziwa ya unga.

Nikaendelea hivyo mpaka kopo likaisha. Ni wivu, sina jina lingine. Sasa oneni maajabu: mimi uso ni ule ule, na nywele zangu zinabaki kwenye kitana. Yeye ngozi laini, nywele zimejaa, hadi wateja wangu wanamuuliza anatumia nini. Anawajibu, "Muulizeni dada, ndiye mpishi." Nabaki nimeinamia cherehani roho inaniuma. Na kinachoniuma siyo kwamba nilimwibia, ni kwamba anang'aa kwa maziwa ya unga.

Jumapili tulipotoka misa akanipa kopo jipya. "Nimeona nywele zako zinakatika, dada. Hili ni lako peke yako. Wewe ndiye msimamizi wangu, nataka siku ya harusi tupendeze sote wawili." Nikalipokea kwa mikono miwili. Kuungama nako nimeshakwepa mara mbili.

Kopo liko kabatini, sijalifungua. Nilinywe? Nimrudishie kijiko kijiko kwenye uji wake, nikae kimya? Au nimwambie? Namjua, atanisamehe hapo hapo, na nitamwonea wivu hata kwa huo moyo wake. Nishaurini mapema ndugu zangu, maana na yeye anafuatilia ukurasa huu. Nikiamka nikamkuta jikoni anakoroga uji wake mwenyewe, nitajua ameshasoma.