Joab Alivyonunua Kazi ya Mwanawe

Joab ni karani wa bandarini, mkazi wa Tudor, mtu mwema tu, ila sifa azipenda kama paka apendavyo dagaa. Mwanawe akipata alama nzuri, gati zima litajua kabla ya chai ya saa nne.

Binti yake Trizah yuko gredi ya nne, na huko siku hizi kuna somo la sanaa. Joab alilicheka sana mwanzoni. "Nimempeleka mtoto shule akasome, yeye yuarudi na majani." Majani yenyewe yalikuwa miyaa ya kusukia mikeka. Trizah alikuwa akisuka kipepeo cha kupepea jiko, akionyeshe mbele ya wazazi. Kila jioni alikaa sakafuni, ulimi nje, akisuka. Akikosea, afumua, aanza tena.

Kicheko kilikoma siku Griffins, mwenzake wa ofisini, alipotoa simu na kuonyesha gari la waya alilounda mwanawe. Gari nadhifu, hata taa linazo. Joab naye, kwa kuwa hajui kushindwa, akasema, "Ngoja uone cha Trizah. Nitakuletea video."

Akafika nyumbani, akakitazama hicho cha Trizah. Kimeenda upande kama paa lililopigwa na upepo, na kona moja imevimba utadhani imeumwa na nyuki. Akakigeuza huku na huku, kikabaki vile vile. Kesho yake ndiyo maonyesho.

Asubuhi akakimbilia Mji wa Kale, kwa bibi mmoja anayesukia mikeka barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Kipepeo. Lakini kisiwe kizuri mno. Kiwe kama kimesukwa na mtoto."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Mimi kusuka vibaya sikufunzwa, baba. Chukua hiki, kama wataka kukiharibu ukakiharibu mwenyewe."

Joab akakichukua, cha ukingo wa zambarau. Akarudi mbio, akakitia kwenye mkoba wa Trizah mtoto angali anakunywa chai, na kile kilichovimba akakitupa jaani. Lori la taka likapita nacho kabla hawajatoka.

Shuleni alikaa kiti cha mbele, simu mkononi. Zamu ya Trizah ikafika. Mtoto akafungua mkoba, akachungulia ndani, akachungulia tena. Halafu akakitoa, bila ya kumtazama mtu. Wazazi wakaguna kwa kusifu. Joab akawageukia akitabasamu, kama kwamba kakisuka yeye.

Mwalimu Mwanaesha akakipokea, akapitisha kidole kwenye ukingo, polepole.

"Baba Trizah."

"Naam, mwalimu."

"Bibi yangu umemwacha hajambo?"

"Bibi yako?"

"Yule wa barazani. Mkono huu naujua, nimezaliwa juu ya mikeka yake."

Nyuma mtu akacheka. Joab akashusha simu. Na lau yangeishia hapo, angeyameza. Nani hajachekwa Mombasa hii?

Lakini mwalimu alimwuliza kwa upole, na upole ndio uliomchinja: "Na kile cha Trizah kiko wapi? Kile chenye kona nene. Juzi darasani kona ilikuwa ikimfumukia, nikataka kumshikia, akakataa. Akakaa, akafikiri, akaikunja mara mbili. Haifumuki tena. Mimi sikumfunza hilo, wala bibi yangu hafanyi hivyo. Leo nilitaka awaonyeshe wenzake."

Joab masikio yakamwaka moto. Uvimbe ule ndio uliokuwa akili ya mwanawe, naye kauona donda.

"Nilikitupa," akasema, sauti kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Trizah alirudi mahali pake akaketi. Hakulia. Afadhali angelia.

Walirudi kwa miguu. Simu ililia mfukoni, Griffins huyo anataka video, Joab akaizima. Karibu na fleti Trizah akauliza, macho yako barabarani:

"Baba, kilikuwa kibaya hivyo?"

"Hakikuwa kibaya, mama. Mimi sikukitazama."

"Mwalimu atatupa miyaa mingine Jumatatu."

"Utasuka kingine?"

Trizah akafikiri. "Nitasuka. Lakini nitakiacha shule."

Akapanda ngazi. Joab akabaki chini, akijifanya anatafuta funguo.